Nani Atakikalia Kiti: Takaungu, Mweli na Unguja, 1895–1896

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wa historia, wazee wetu, mabibi na mabwana.

Ukitaja vita vya Unguja vya 1896 mbele ya darasa, mkono wa kwanza kunyanyuka utasema, "Mwalimu, ndivyo vita vifupi kuliko vyote duniani." Dakika 38. Wapo wanaosema 40, wapo wanaosema 45, kutegemea mtu anaanza na kuishia wapi kuhesabu. Darasa linacheka, kengele inalia, na somo linaishia hapo.

Leo nataka niseme kwamba dakika zile ndiyo sehemu nyepesi kabisa ya mambo yale. Waingereza hawakuitwaa pwani hii kwa dakika 38. Waliitwaa kwa kujipatia, hati baada ya hati, haki ya kuamua nani atawale pindi kiti kinapobaki wazi. Mizinga ilipigwa pale tu mtu alipotaka kukikalia bila wao. Ilitokea Takaungu mwaka 1895, ikatokea tena Unguja mwaka 1896. Na katika vita hivyo viwili, vile vya Takaungu, ambavyo wanafunzi wengi hawavijui hata kwa jina, ndivyo vilivyoendelea kwa miezi na ndivyo vilivyofungua njia ya Kenya ya kikoloni.

Haki hiyo haikuanza 1890, Unguja ilipofanywa himaya ya Uingereza. Sayyid Said bin Sultan alipofariki mwaka 1856, wanawe wawili waligombea: Thuwaini akiwa Maskati, Majid akiwa Unguja. Shauri likapelekwa kwa Lord Canning, mtawala wa Kiingereza huko India, naye mwaka 1861 akakata kwamba Unguja ijitawale peke yake na ilipe Maskati reale 40,000 za Maria Theresa kila mwaka. Wengi hulisoma hili kama suala la fedha. Mimi naliona ni suala la nani kaulizwa. Nyumba ya Busaidi, yaani ukoo wa masultani hao, ilikubali mgeni awe kadhi wa urithi wake, na mgeni akishaketi penye nafasi hiyo hanyanyuki.

Miaka miwili kabla ya hukumu ile, mwaka 1859, ndugu yao mwingine, Barghash, alijaribu kumng'oa Majid. Akajifungia katika nyumba ya shamba lililoitwa Marseilles. Mabaharia wa Kiingereza walishuka kumsaidia Majid, na Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay. Huyo huyo ndiye aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, na huyo huyo ndiye baba yake Khalid, ambaye tutakutana naye ndani ya jumba la kifalme Agosti 1896. Baba na mwana walijaribu jambo moja, wakazuiwa na jeshi la majini lile lile, miaka 37 ikiwa imepita kati yao.

Halafu zikaja hati, nami nitazipitia kwa haraka kwa kuwa mnazifahamu. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikata kwamba enzi ya Sultani bara inaishia ukanda wa maili 10 kutoka baharini. Kwa mkataba wa 1887 Barghash aliikodisha sehemu ya kaskazini ya ukanda huo kwa wafanyabiashara wa Kiingereza, ambao mwaka 1888 walipata hati ya kifalme na kuwa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki. Julai 1890 Ujerumani ilikubali Unguja na Pemba ziwe himaya ya Uingereza, nayo ikainunua pwani ya kusini kwa marki milioni 4, yaani kama pauni 200,000. Ikawekwa sharti kwamba Sultani mpya hakai kitini bila ridhaa ya Uingereza. Mwaka uliofuata hazina ikatolewa mikononi mwa Sultani, na Lloyd Mathews, Mwingereza aliyeunda jeshi la Sultani tangu 1877, akafanywa Waziri wa Kwanza.

Naomba mzikumbuke pauni 200,000 hizo. Tutazikuta tena.

Witu, usultani mdogo karibu na Lamu, nitaigusa tu. Ilikuwa chini ya ulinzi wa Wajerumani tangu 1885, kisha mkataba wa 1890 ukaihamishia kwa Waingereza bila Sultani wake, Fumo Bakari, kuulizwa. Septemba mwaka huo mfanyabiashara wa Kijerumani, Küntzel, aligombana na watu wa mji. Wajerumani walinyang'anywa silaha, wakajaribu kutoka kwa nguvu, mlinzi wa lango akapigwa risasi, na Küntzel na wenzake wakauawa. Oktoba, Admeri Fremantle alishusha mabaharia na askari na kuuchoma mji. Fumo Bakari alifariki miezi michache baadaye, na upinzani ukaendelea misituni chini ya Fumo Omari. Shikeni hilo la mwisho, mji kuchomwa na vita kuendelea, maana ndilo litakalowasumbua Waingereza huko Mweli, boma la ukoo wa Mazrui.

Sasa Takaungu. Mazrui walikuwa watawala wa Mombasa mpaka mwaka 1837, Sayyid Said alipouchukua mji. Walionusurika waligawanyika, tawi moja likaweka makao Gazi, kusini, na jingine Takaungu, kaskazini, karibu na Kilifi. Tahadhari kwa anayefundisha: kuna Mbaruk bin Rashid wa Gazi na kuna Mubarak bin Rashid wa Takaungu. Ni watu wawili, na kwenye maandishi ya Kiingereza majina yao huandikwa kila namna. Usiandike jina ubaoni bila kuandika mji pembeni yake.

Februari 1895 alifariki Salim bin Khamis, mkuu wa Takaungu. Wadai wakawa wawili. Rashid bin Salim, mwana wa marehemu, alikuwa kijana na alielewana na Kampuni. Mubarak bin Rashid alikuwa mkubwa kwake kwa umri, na kwa desturi ya ukoo wengi waliona kiti ni chake. Kampuni ikamtambua Rashid. Haikuwa na sababu kubwa zaidi ya kwamba ilitaka mtu wa kusikilizana naye.

Kosa halikuwa kumpenda Rashid. Kosa lilikuwa kuamua jambo zito namna hiyo bila nguvu ya kulisimamia. Kampuni wakati ule ilikuwa hoi kifedha, ikizungumza na serikali ya London namna ya kuondoka. Mubarak akahama Takaungu na watu wake na bunduki zao, na ndugu yake Aziz akawa naye. Kampuni ilipotuma askari, yeye akateremka kusini kwa jamaa yake Mbaruk wa Gazi.

Na Mbaruk hakuwa mtu wa kuchezewa. Baba yake, Rashid bin Salim (si yule kijana wa Takaungu, ni jina tu limefanana), ndiye aliyekuwa mtawala wa mwisho wa Kimazrui Mombasa. Yeye mwenyewe alikwishawaasi masultani wa Unguja zaidi ya mara moja, na mwaka 1882 Mathews alimzingira Mweli. Amfukuze mgeni wa damu yake kwa sababu Kampuni imesema? Hata kama angetaka, angewatazamaje watu wake usoni?

Tarehe 1 Julai 1895 serikali ya Uingereza iliichukua nchi kutoka kwa Kampuni, na Arthur Hardinge, konseli mkuu aliyekaa Unguja, akairithi nchi pamoja na ugomvi wake. Angeweza kuutengua uamuzi wa Kampuni na kumpa Mubarak kiti. Kwa maoni yangu hilo lingeokoa watu wengi. Lakini serikali mpya inayoanza kwa kumtii mtu mwenye bunduki huona imejivua nguo hadharani, na Hardinge hakuwa tayari kuanza hivyo.

Mweli ni kilima chenye msitu katika nyika ya ndani ya Gazi, na boma lake lilizungushiwa ua wa magogo. Mizinga ya manowari haikufika huko. Ilibidi Admeri Harry Rawson awashushe mabaharia wake wapande kwa miguu, pamoja na askari wa Kisudani na wa Unguja, na wapagazi wa kubeba risasi, chakula na maji. Katika vichaka vile safu hutembea mtu nyuma ya mtu. Mpiganaji aliye pembeni haonekani hata hatua chache, na aliye mbele akipigwa, wa nyuma hajui risasi imetokea wapi. Hata hivyo tarehe 17 Agosti 1895 Mweli ilitwaliwa. Mbaruk hakuwamo, alikwishatoka. Walioshiriki walipewa nishani yenye maneno "Mwele 1895" yaliyochongwa ukingoni mwake.

Nishani ilikuja mapema mno. Rawson alidhani ameshinda vita kumbe ametwaa kilima. Nguvu za Mazrui hazikuwa kwenye magogo ya Mweli. Zilikuwa kwenye watu: wafuasi na watumwa wenye silaha, Wadigo na Wagiriama waliowapa nafaka na njia, na Waswahili kama Khamis bin Kombo wa Mtwapa aliyejiunga nao. Baada ya Mweli walijigawa vikundi. Aziz alifanya kazi kaskazini hata akaushambulia Malindi, Mbaruk akabaki kusini. Vituo vya serikali vilikuwa vichache na kila kimoja kilijilinda chenyewe tu, kwa hiyo kikundi kilipiga hapa leo na kesho kikalala pengine. Wasudani na askari wa Unguja hawakutosha kwa ukanda wote huo.

Kilichogeuza mambo hakikuwa ushujaa wa mtu. Serikali iliagiza jeshi kutoka India. Kikosi cha 24 cha Kibaluchi cha Bombay kilishuka Mombasa Machi 1896, na sasa wapiganaji wakaanza kusukumwa kutoka pande kadhaa kwa wakati mmoja. Wagiriama nao walifanya hesabu zao. Kuendelea kuwalisha Mazrui kungewaletea moto vijijini, na wazee wakaona heri suluhu. Nafaka ikapungua. Aprili, Mbaruk na watu wake walivuka mpaka kuingia upande wa Wajerumani, wakaweka silaha chini mbele ya Gavana Wissmann, wakapewa mahali pa kukaa. Mbaruk hakurudi tena Gazi. Alifia Dar es Salaam.

Tarehe 30 Mei 1896, wiki chache tu baada ya hapo, reli ya kwanza ililazwa Kilindini kuelekea Ziwa Viktoria. Mkifundisha reli, anzeni hapa. Njia ya kwenda bara ilipita katika nyika ile ile waliyokuwa wakirandaranda watu wa Mbaruk, na isingejengwa huku vita vinaendelea. Jeshi pia lilizaliwa humo. East Africa Rifles, lililoundwa 1895 kwa askari wa Kihindi, Wasudani na watu wa pwani, ndilo lililokuja kuwa kikosi cha tatu cha King's African Rifles mwaka 1902. Bunduki zilizotumika baadaye dhidi ya Wanandi zilianzia hapa pwani.

Nimefika Unguja, na hapo saa zinahesabika.

Jumanne tarehe 25 Agosti 1896, kama saa 5:40 asubuhi, Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla. Uvumi wa sumu ulienea siku hiyo hiyo. Khalid bin Barghash akaingia jumbani. Hii ilikuwa mara yake ya pili. Mwaka 1893, alipofariki Sultani Ali bin Said, aliingia vivyo hivyo na akashawishiwa kutoka. Safari hii hakutoka. Hamad alizikwa alasiri ile, na saa 9 mizinga ya heshima ikatangaza Sultani mpya. Waingereza walikuwa na mtu wao, Hamoud bin Mohammed.

Basil Cave, kaimu konseli, alikuwa na kitu ambacho Khalid hakuwa nacho: waya. Tangu 1879 Unguja iliunganishwa kwa simu ya chini ya bahari kupitia Aden, kwa hiyo aliuliza London, na jibu likafika kabla ya vita. Alipewa ruhusa ya kuchukua hatua yoyote aliyoona inafaa, ila asijaribu lolote ambalo hana hakika ya kulimaliza.

Hakika hiyo ilikuwa inakusanyika bandarini. Manowari za Kiingereza Philomel na Thrush zilikuwapo tayari. Sparrow iliingia usiku wa 25, Racoon asubuhi ya 26, na mchana ikaja St George na Admeri Rawson ndani yake, yule yule wa Mweli. Khalid alikuwa na watu karibu 2,800, wakiwamo raia na watumishi wa jumba. Silaha zake zinaeleza mengi: bunduki kadhaa za rasharasha za Maxim, Gatling moja, mizinga miwili ya ratli 12 (huo ndio uzito wa kombora lake) iliyokuwa zawadi ya Kaizari Wilhelm II, na mzinga wa shaba wa karne ya 17. Baharini alikuwa na Glasgow, jahazi la kifalme alilojenga baba yake mwaka 1878, lenye mizinga midogo ya ratli 9.

Mizinga yote hiyo iliwekwa wazi mbele ya jumba, ikitazama baharini, ambako ndiko penye mizinga mikubwa kuliko yake. Na majumba yenyewe, Beit al-Hukm na mengine, yalikuwa na nguzo na sakafu za mbao nyingi. Kombora likipita ukutani linapasuka ndani, mbao zinashika moto, na aliyejificha anauawa na jumba lenyewe. Kumweka mtu humo kulikuwa kumweka mahali pabaya kuliko barazani. Mbaruk, pamoja na ubovu wa bunduki zake, alikaa mbali na bahari. Hiyo ndiyo tofauti ya miezi minane na dakika 38.

Amri ya mwisho ilisema bendera ishuke na jumba liachwe ifikapo saa 3 asubuhi tarehe 27. Saa 2 na nusu mjumbe wa Khalid alileta jibu kwamba hawana nia ya kuteremsha bendera wala hawaamini kama Waingereza watapiga. Hapo ndipo penye moyo wa jambo. Khalid hakuwa mjinga. Alidhani bado wako katika mashauriano, kama 1893, na kwamba mwishowe atakayekuwa kitini ndiye atakayezungumza nao. Cave akajibu kwamba hawapendi kupiga, ila wasipotii watapiga.

Saa 3 na dakika 2 Racoon, Thrush na Sparrow zilifungua moto pamoja. Kombora la kwanza la Thrush liling'oa mzinga mmoja wa ratli 12. Dakika tatu baadaye Glasgow ikaipiga St George kwa mizinga yake midogo, ikajibiwa, ikazama. Mabaharia wake waliinua bendera ya Kiingereza kuonyesha wamesalimu, wakaokolewa. Ilipofika saa 3:40 bendera ya jumba ilikuwa imeanguka na mizinga ikanyamaza. Makombora yapata 500 yalikuwa yamepigwa na risasi za rasharasha zaidi ya 4,000. Upande wa Khalid waliouawa na kujeruhiwa walikaribia 500. Upande wa Waingereza aliumia baharia mmoja wa Thrush, akapona.

Alasiri ile ile Hamoud akakalishwa. Katika vurugu maduka ya Wahindi yaliporwa, hata askari 150 wa Kisingasinga wakaletwa kutoka Mombasa kutuliza mji. Waliomuunga mkono Khalid walilipishwa fidia, na humo ilihesabiwa pia gharama ya makombora waliyopigwa nayo. Mimi sijui neno la kuongeza juu ya hilo.

Khalid alikimbilia kwa konseli wa Kijerumani. Waingereza waliweka walinzi nje ili akikanyaga tu ardhi ya Unguja wamkamate. Tarehe 2 Oktoba manowari ya Kijerumani Seeadler ilileta mashua yake wakati maji yamejaa mpaka kwenye lango la bustani ya ukonseli. Khalid akaingia mashuani moja kwa moja, bila kugusa nchi, akapelekwa Dar es Salaam. Waingereza walimpata mwaka 1916, walipouteka mji huo. Walimpeleka Shelisheli na Saint Helena, kisha wakamruhusu akae Mombasa, alikofariki 1927.

Hamoud alitia sahihi alichopewa. Aprili 1897 hali ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja na Pemba, kwa namna iliyowajali mabwana: mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kudai uhuru, bwana akalipwa fidia, na masuria wakaachwa nje ya amri. Kwenye pwani ya Kenya amri kama hiyo ilingoja hadi 1907. Anayefundisha kwamba Waingereza walipigana Unguja ili kukomesha utumwa aulizwe mbona basi walisubiri miaka 10 Mombasa, mahali walipokuwa wanatawala wenyewe.

Sasa zile pauni 200,000. Kampuni ilipoondoka 1895 ililipwa 250,000, na 200,000 kati ya hizo zilitoka kwenye fedha za Sultani, zile Wajerumani walizolipa kwa pwani ya kusini. Yaani Sultani alilipa kuikomboa nchi yake kutoka kwa mpangaji, kisha nchi hiyo ikakodishwa kwa serikali ya Kiingereza. Kodi iliwekwa pauni 17,000 kwa mwaka: 11,000 kwa ajili ya pwani, na 6,000 riba ya asilimia 3 juu ya zile 200,000. Mpango huo ndio uliofanya bendera ya Sultani ipepee Fort Jesus hadi 1963, na ndio ulioleta mabishano ya Mwambao kabla ya uhuru, yaani kama ukanda huo wa pwani uingie Kenya au usiingie. Oktoba 1963 Sultani alikubali kuuachia ukanda huo kwa Kenya.

Na ardhi, swali ambalo najua litaulizwa kwanza nikishuka hapa. Waliokuwa upande wa serikali katika vita vya 1895 walibaki na nafasi zao: Rashid bin Salim akabaki Takaungu, na Salim bin Khalfan, liwali wa Kibusaidi, akazidi kuwa mtu mkubwa na tajiri. Ilipokuja sheria ya hati za ardhi ya 1908, aliyeweza kuja na karatasi na mashahidi mbele ya maofisa aliandikiwa. Isiyodaiwa ikawa ya serikali. Wadigo, Wagiriama na wenzao, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo na ya kaya, wengi hawakuwa na karatasi ya kuonyesha. Wajukuu wao wanaitwa maskwota katika mashamba waliyozaliwa. Karibuni tuulizane.